Haidranti ya shamba la farasi: jinsi ya kuirekebisha na kuitunza

Kwenye mashamba ya farasi yanayoizunguka Lexington, jimbo la Kentucky, maji ya kunyweshea hayatoki kwenye bomba la koki ya kuzungusha kama lile la uani kwetu. Yanatoka kwenye nguzo ya chuma iliyochomoza ardhini, yenye mpini juu na mdomo ubavuni, na kila mtu shambani anaiita haidranti. Usiichanganye na ile nene ya zimamoto iliyo kando ya barabara. Hii ni ya ndoo na mipira ya maji, na imeundwa hivyo kwa sababu moja: majira ya baridi ardhi ya huku huganda, na bomba la kawaida lililojaa maji likiganda hupasuka.

Kiswahili kinasikika sana Lexington siku hizi, hasa kwa sababu ya ndugu zetu waliohamia kutoka Kongo, na baadhi yetu tumeishia kwenye mabanda ya farasi. Wengi tumekulia mahali ambapo maji hayagandi bombani, kwa hiyo chombo hiki tunakutana nacho ukubwani. Siku ya kwanza unaonyeshwa kwa haraka: inua, maji yaje; shusha, yakatike. Kisha unaachiwa. Maelezo hayo yanatosha Julai. Januari hayatoshi hata kidogo.

Na Januari ndipo kazi ilipo. Farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred wa nusu hii ya dunia huhesabiwa wote kuwa wametimiza mwaka ifikapo tarehe 1 Januari, hata aliyezaliwa Mei iliyotangulia. Kwa hiyo wafugaji wanataka watoto wazaliwe mapema iwezekanavyo ndani ya mwaka, na majike mengi huzaa kati ya Januari na Machi, baridi ikiwa imeshika. Farasi mkubwa wa kilo 500 hivi hunywa kama lita 20 hadi 40 kwa siku. Jike anayenyonyesha hunywa zaidi. Farasi anayekula nyasi kavu bila maji ya kutosha anaweza kukwamisha chakula utumboni, na hapo ni kumwita daktari wa mifugo usiku wa manane. Haidranti iliyoganda si usumbufu wa kubeba ndoo tu.

INAVYOFANYA KAZI

Vali ya haidranti haiko juu unaposhika. Iko chini kabisa, chini ya kina ambacho baridi hugandisha udongo. Kentucky ya kati kina hicho huhesabiwa kuwa inchi 24 hivi. Minnesota, jimbo lililo kaskazini zaidi, ni inchi 42 upande wa kusini na 60 kaskazini. Ndiyo sababu haidranti huuzwa kwa kina cha kuzikwa, futi 2, 3, 4 na kuendelea, wala si kwa urefu wote wa nguzo. Ukiagizwa dukani, namba ya kuuliza ni hiyo.

Ukiinua mpini, unavuta fimbo ndefu iliyomo ndani ya nguzo. Mwisho wa fimbo kuna kizibo cha mpira. Kizibo kikinyanyuka kutoka kwenye kiti chake, maji yanapanda. Na kikiwa juu kabisa, kinafunika tundu dogo lililo ubavuni mwa vali. Ukishusha mpini, kizibo kinarudi kukaa na kukata maji, na lile tundu linafunguka. Maji yaliyobaki kwenye nguzo yanashuka kwa uzito wake, yanapitia tunduni na kuingia kwenye kokoto zilizozikwa kuizunguka vali. Nguzo inabaki tupu. Pasipo na maji hakuna cha kuganda.

Ukishaelewa tundu hilo, karibu kila kitu kingine kinajieleza. Nguzo ya inchi 1 yenye urefu wa futi 5 hubeba maji yasiyofika lita moja, na kokoto huyanywa bila shida. Lakini mpini ukiuacha katikati, kizibo hakijakaa kitini na wala hakijafunika tundu. Maji yanapanda mdomoni na wakati huohuo yanatoka chini kwa presha, yanachimba udongo na kuusukuma matope kati ya kokoto. Baada ya muda kokoto zinageuka udongo mtupu na maji hayana pa kwenda.

Kwa hiyo mpini una mahali pawili tu: juu kabisa au chini kabisa. Ukitaka maji membamba, usipunguze kwa mpini. Inua wote, halafu punguza kwa koki ndogo iliyo mwisho wa mpira, na ukumbuke kuifungua hiyo koki kabla ya kushusha mpini, la sivyo maji yatabaki yamefungiwa. Nimeona watu wazima wenye uzoefu wakiiacha haidranti nusu juu ili kujaza hori polepole huku wakinywa kahawa. Inafanya kazi, ndiyo. Gharama yake iko chini ya ardhi ambako hawaioni.

SOMA DALILI KABLA YA KUSHIKA SPANA

Maji yakiendelea kudondoka mdomoni baada ya kufunga, watu husema haraka kwamba mpira wa kizibo umekwisha. Huenda. Lakini fikiria njia ya maji: kizibo kikivuja kidogo, maji yanayopenya yanatokea kwenye tundu la chini, hayapandi juu. Ili yafike mdomoni, lazima ama yanapenya mengi kuliko tundu linavyoweza kuyatoa, ama tundu limeziba au kokoto zimeshiba. Tone la mdomoni basi mara nyingi ni habari ya zamani, uvujaji ulianza kitambo.

Ndiyo maana mdomo mkavu usikudanganye. Tazama ardhi. Kama kuna udongo laini au nyasi zilizostawi mduara kuizunguka haidranti wakati wa kiangazi, huku mahali pengine pamekauka, kuna maji yanayopotea. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nguzo na sikio lako kwenye mpini wa bisibisi, wakati hakuna anayetumia maji mahali pengine. Ukisikia mvumo mwembamba kama wa soda, kizibo hakijakaa sawasawa. Shamba lenye kisima litakuambia kwa namna nyingine: pampu inawaka na kuzima wakati wote wamelala. Nusu lita tu kwa dakika ni lita 720 kwa siku.

Kama ardhi inalowa pale tu haidranti inapokuwa wazi, tatizo ni tofauti: kizibo hakifuniki tundu. Ama mpini hauinuliwi wote, ama fimbo imelegea kwenye kiungo chake, ama pete ya mpira ya kizibo imechakaa. Maji yakija membamba hata mpini ukiwa juu kabisa, kwanza hakikisha koki ya laini, yaani ya bomba la chini linaloilisha haidranti, imefunguliwa yote, kisha shuku fimbo isiyonyanyuka vya kutosha, au mchanga na kutu kwenye vali. Maji yakichuruzika shingoni, pale fimbo inapoingia kwenye kichwa, hiyo ni pakingi, yaani kizuizi cha maji kinachoizunguka fimbo, na ndiyo kazi rahisi kuliko zote.

Halafu kuna kipimo cha kiganja, nacho ukifanye kwa kila haidranti. Ondoa mpira wa maji, inua mpini, acha maji yatoke kwa nguvu kidogo, shusha, na hapohapo ziba mdomo kwa kiganja. Haidranti isiyo na hitilafu itakivuta kiganja chako, kwa kuwa maji yanayoshuka yanafyonza hewa. Usipohisi mvuto wowote, maji hayashuki. Haidranti ya namna hiyo itaganda usiku wa kwanza wa baridi kali, uombe usiombe.

KUREKEBISHA FIMBO

Kazi hii haihitaji kuchimba wala kufungua kichwa. Unahitaji spana ya kuongeza na kupunguza, alenki za inchi, koleo la kujifunga lenyewe, mafuta ya kulegeza kutu na kalamu ya wino usiofutika. Haidranti nyingi utakazokutana nazo zimetoka kampuni za Woodford, Merrill au Simmons. Jina mara nyingi limechongwa kwenye kichwa. Umbo la kiungo hutofautiana kidogo, lakini wazo ni lilelile: mpini umeshika kiungo, kiungo kimeshika fimbo, na skrubu au bolti ya kubana ndiyo inayoamua fimbo ishikwe kwa urefu gani.

1. Funga koki ya laini inayolisha haidranti, kisha inua mpini ili presha itoke. Usiruke hatua hii. Maji yanasukuma kizibo kutoka chini, na ukilegeza skrubu presha ikiwapo, fimbo inaweza kupanda ghafla na maji yakakurukia.

2. Shusha mpini. Tia alama kwa kalamu kwenye fimbo, mahali inapoingia kwenye kiungo. Ukivuruga mambo, alama hiyo itakurudisha ulikoanzia.

3. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye skrubu na usubiri. Skrubu iliyokaa miaka kumi kwenye mvua ikilazimishwa huvunjika kichwa, na kuichomoa ni kazi ya siku nyingine.

4. Kama haidranti haikati maji vizuri, inua mpini kidogo tu kutoka chini, kama inchi moja au moja na nusu ukipimia kwenye ncha yake. Legeza skrubu. Shika fimbo kwa koleo na uisukume chini mpaka uhisi kizibo kimekaa. Kaza skrubu hapohapo. Sasa ukishusha ile inchi iliyobaki, mpini unakikandamiza kizibo kitini.

5. Kama shida ni kinyume chake, yaani mpini ni mgumu mno kufunga au maji ni membamba ukifungua, fimbo imesukumwa chini kupita kiasi. Irudishe juu, kidogokidogo. Robo inchi kwa mara moja ni nyingi ya kutosha.

6. Fungua koki ya laini polepole. Inua na shusha mpini mara kadhaa.

Unachotafuta ni hisia ya mkono. Mpini mzuri unashuka bila ubishi sehemu kubwa ya safari, unakuwa mzito mwishoni, halafu unapita kilele cha uzito na kujifunga wenyewe. Ukifika chini bila kukutana na uzito wowote, hakuna kinachokandamizwa. Ukilazimika kuuning'inia kwa mwili, unaukata mpira wa kizibo kila unapofunga, na fimbo itapinda. Vijana wenye nguvu ndio huharibu haidranti nyingi: wakiona inadondosha, wanaipigia mpini chini kwa nguvu zaidi, inatulia wiki moja, kisha inavuja vibaya kuliko mwanzo.

Rudia kipimo cha kiganja, tazama ardhi kwenye kitako cha nguzo wakati maji yanatoka, kisha usikilize kwa bisibisi ukishafunga. Ukishairekebisha mara mbili na bado inavuja, acha kucheza na skrubu. Kizibo kimekwisha.

Pakingi ya shingoni: kaza nati yake robo ya mzunguko, jaribu, ongeza robo nyingine kama bado inachuruzika. Ikaze mpaka maji yakome tu, kwa sababu ukiikaza sana inaishika fimbo na mpini unakuwa mzito bila sababu. Kama nati imefika mwisho, fungua, toa pakingi ya zamani, weka mpya. Fimbo ikiwa na mikwaruzo au kutu pale inapopita, ing'arishe kwa msasa laini kwanza. Fimbo yenye makovu itaitafuna pakingi mpya vilevile.

KUBADILISHA KIZIBO

Nunua seti ya vipuri inayolingana na aina na toleo la haidranti yako. Maduka kama Tractor Supply huwa nazo, lakini kizibo cha Merrill hakitakaa kwenye Woodford hata vikifanana machoni. Piga picha ya kichwa kabla ya kwenda dukani, au baki na kizibo cha zamani mkononi.

Funga koki ya laini na utoe presha. Hapa ndipo unapohitaji spana mbili za bomba, nasema mbili. Moja inashika nguzo, nyingine inazungusha kichwa. Ukitumia moja tu, nguvu yako yote inashuka kwenye nguzo hadi kwenye kiungo kilicho chini ya ardhi, na kikikatika umejichimbia shimo la futi tatu ambalo hukulipanga. Kichwa kikigoma, mafuta ya kulegeza kutu na subira ya nusu saa vinafanya kazi kuliko bomba refu la kuongezea nguvu kwenye spana.

Kichwa kikishafunguka, vuta fimbo juu wima. Itatoka ndefu kuliko unavyotarajia, kwa hiyo angalia nyaya za umeme au dari ya banda. Kizibo kinakuja nayo, mwishoni mwake. Kitazame kabla ya kukitupa: mpira uliochongwa duara zito unasema mpini ulikuwa unakandamizwa mno, mpira wenye mikwaruzo ya upande mmoja unasema kuna mchanga, mpira uliogawanyika na kuwa mgumu ni uzee tu. Kama ni mchanga, kizibo kipya pekee hakitadumu. Fimbo ikiwa nje, weka mtu kwenye koki ya laini, afungue kwa sekunde chache tu, maji yapige juu na kutoa takataka, kisha afunge. Simama kando.

Funga kizibo kipya kwenye fimbo na ukihakikishe hakilegei. Paka grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwenye maji ya kunywa. Grisi ya trekta huozesha mpira, na farasi hatakunywa maji yenye harufu yake. Rudisha fimbo wima, rudisha kichwa ukiwa umezungushia tepu nyeupe ya bomba kwenye nyuzi, tena kwa spana mbili. Kisha rekebisha fimbo kwa hatua zile za juu, kama vile haidranti ni mpya. Watu husahau hili. Kizibo kipya ni kinene kuliko kilicholika, na kiungo kilichowekwa kwa ajili ya kile cha zamani hakitafaa.

Mwaga ndoo chache kabla ya kunywesha mnyama yeyote.

TUNDU LIKIZIBA

Hapa kazi inakuwa nzito, na inafaa usiianze peke yako. Kama kiganja hakivutwi na kizibo ni kizima, ama tundu limeziba ama kokoto zimejaa udongo. Jaribio jepesi ni kutoa fimbo na kusafisha kwa maji kama nilivyoeleza. Wakati mwingine uchafu unatoka. Usipotoka, ni kuchimba.

Kabla ya jembe kugusa ardhi Marekani, unapiga 811. Ni namba ya bure ya nchi nzima, na inatakiwa upige siku chache za kazi kabla. Kampuni za huduma huja kupaka rangi ardhini: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, buluu ni maji ya kunywa, rangi ya machungwa ni mawasiliano, kijani ni maji taka. Ila elewa mipaka yake: wanaonyesha laini za kampuni hadi kwenye mita. Waya wa umeme ambao mwenye shamba aliuvuta mwenyewe kutoka nyumbani hadi bandani hautapakwa rangi na yeyote. Muulize msimamizi au mzee aliyekaa shambani muda mrefu kuliko wote, na karibu na mahali palipotiliwa shaka chimba kwa mkono.

Ukifika kwenye vali, toa udongo wote uliochanganyika na kokoto, zibua tundu kwa waya laini, kisha jaza kokoto safi zilizooshwa kuizunguka vali na juu kidogo ya tundu. Weka nyingi, shimo la ukubwa wa ndoo ni dogo mno. Juu ya kokoto tandika kitambaa cha kuzuia udongo, ndipo urudishe udongo. Eneo la Bluegrass, yaani huku Lexington na kandokando yake, lina mwamba wa chokaa chini na udongo mzito wa mfinyanzi juu yake, na mfinyanzi haunywi maji haraka. Mahali pa namna hiyo kokoto zinapaswa kuwa nyingi zaidi. Kama shimo linajaa maji lenyewe kabla hujaunganisha kitu, haidranti ya aina hii haifai hapo kabisa, kwani maji ya ardhini yataingia kupitia tundu lile. Zipo za aina nyingine zisizo na tundu la kumwagia ardhini, ghali zaidi, na hapo ndipo zinapostahili bei yake.

SIKU ZA BARIDI

Kanuni iliyo juu ya zote: mpira wa maji ukishamaliza kazi, uondoe mdomoni. Mpira uliobaki umefungwa unazuia hewa kuingia, na bila hewa maji hayashuki. Mpira wa futi 50 wa inchi 5/8 una lita kama 3 ndani yake, mara kadhaa ya maji ya nguzo, na kama umepanda juu ya uzio maji hayo yote yanataka kurudi chini kwenye tundu lilelile. Ondoa, nyoosha, mwaga, ning'iniza mahali palipo na joto.

Kuna sababu nyingine ya kuuondoa, na hii ni ya mwaka mzima. Ncha ya mpira ikiwa imezama kwenye hori na presha ya laini ikashuka, maji ya hori yanaweza kufyonzwa kurudi kwenye mabomba ya kunywa. Kifaa kidogo cha shaba cha kuzuia maji kurudi, kinachofungwa mdomoni, kinamaliza hatari hiyo. Hakikisha ni cha aina inayoruhusu nguzo kumwaga maji yake. Kingine kinayashikilia, ukajiletea barafu kwa mkono wako.

Katika baridi kali sana, fungua haidranti kwa nguvu na kwa muda wa kutosha. Kuifungua kwa kikombe kimoja, kufunga, kufungua tena, kunaacha maji membamba kwenye chuma kilichopoa, na yanaganda kabla ya kushuka. Panga ndoo zako mstari, inua mara moja, jaza zote, shusha mara moja. Maji yanayomwagika kati ya ndoo na ndoo yatakuwa utelezi, kwa hiyo tandaza mchanga au changarawe hapo mapema.

Ikiganda hata hivyo, usilazimishe mpini. Fimbo iliyoshikwa na barafu itapinda au kiungo kitavunjika, na sasa una matatizo mawili. Funika nguzo kwa matambara, mimina maji ya moto yasiyochemka ukianzia kichwani na kushuka, jaribu mpini kwa upole, rudia. Kikausha nywele kinasaidia kama soketi ni ya aina inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Tochi ya gesi iache kwenye karakana: inaunguza kizibo na pakingi, na uko hatua chache kutoka kwenye nyasi kavu. Wala usimimine ndani dawa ya kuzuia kuganda ya magari, ni sumu kwa wanyama. Ikishafunguka, ipime kwa kiganja. Haidranti nzima haigandi bila sababu. Tafuta sababu siku hiyohiyo, maana usiku unaofuata ni baridi vilevile.

FARASI WENYEWE

Farasi hujikuna popote, na nguzo ya haidranti iko kwenye kimo kizuri cha kukunia shingo. Uzito wa nusu tani ukiegemea kila siku unalegeza kiungo cha chini bila mtu kujua. Wengine hujifunza kuinua mpini kwa midomo, na asubuhi unakuta bwawa. Mpini ulioinuka na ndoana ya mdomo pia vinaweza kunasa hatamu ya kichwani. Kwa hiyo haidranti ikae nje ya uzio, umbali ambao shingo haifiki, na ifungwe kwa vibano kwenye nguzo imara ya mbao iliyozikwa kando yake. Kama iko ndani ya malisho na haiwezi kuhamishwa, izungushie uzio mdogo. Mipini mingi ina tundu la kufuli, litumie. Upande wa trekta, simika nguzo nene zilizopakwa rangi nyeupe, kwa sababu theluji ikianguka dereva haoni kitu kifupi.

Ukaguzi wa mwaka ufanye Oktoba, kabla ardhi haijawa ngumu: kiganja, sikio, ardhi, pakingi, tone la mafuta kwenye viungo vya mpini. Rudia kwa wepesi Aprili, kwa kuwa madhara ya baridi huonekana barafu inapoyeyuka. Wakati huohuo zungusha kila koki ya laini, ifunge na kuifungua, maana koki isiyoguswa miaka mitano haitafunga siku unayoihitaji. Chora ramani ya mahali koki zilipo, uibandike ndani ya mlango wa chumba cha vifaa, na kwa kila haidranti andika aina yake, kina chake na mwezi kizibo kilipobadilishwa. Weka seti moja ya vipuri kwa kila aina iliyopo shambani, ndani ya kopo lenye kifuniko, pamoja na zile spana mbili.